Kijana, modeli yako ni safi, lakini umeipima?

Hebu fanya jambo moja jioni hii kabla ya kurudi kwenye simu yako. Weka sufuria mbili motoni. Moja itie maji matupu. Ya pili itie maji na unga wa wimbi, upike uji. Moto uwe sawa kwa zote mbili, kisha usikoroge chochote kwa dakika chache.

Maji yatajizungusha yenyewe. Yale ya chini yakishika joto yanakuwa mepesi na kupanda, yale ya juu yanashuka kuchukua nafasi yake, na joto linaenea sufuria nzima bila wewe kuinua mwiko. Uji nao ukianza kushika, utakuonyesha maajabu. Chini unaungua na kuganda ukoko, juu unarusha matone yanayochoma mkono, na katikati hauchangamki. Moto ni ule ule na maji ni yale yale. Kilichobadilika ni chembechembe za unga.

Sasa, kama wewe ni mwanafunzi wa hisabati tumizi, fizikia au uhandisi, unajua tayari ninakokupeleka. Huu ndio mtihani ambao makomredi wengi huchagua kuandikia tasnifu ya uzamili: joto na mwendo wa viowevu vyenye chembechembe ndani yake, vikisomwa kwa milinganyo na kutatuliwa kwa kompyuta. Pita katika idara za hisabati za vyuo vyetu kadhaa na utakuta kazi za aina hii zimejaa rafuni. Kiowevu kinapita kwenye bamba, kuna joto, kuna sumaku, kuna chembe ndogo ndogo, na mwisho kuna grafu za rangi zinazopendeza macho.

Hatuandiki haya kuwacheka wenye kazi hizo. Tunaandika kwa sababu kazi hizo ni muhimu na zinaishia mahali pabaya. Nyingi zinaisha bila mtu yeyote kupima chochote. Msimamo wetu ni huu: modeli ambayo haijakutanishwa na kipimo hata kimoja bado ni kazi nusu, na kijana wa Kenya anastahili kufundishwa kuikamilisha.

Kwanza tuelewane hii kazi hufanywaje, maana wengine huiogopa kabla ya kuijua. Wazo lenyewe si gumu. Unachukua sufuria na kuigawa kwa akili katika vijumba vidogo vidogo, maelfu au mamilioni. Kwa kila kijumba unauliza maswali matatu. Maji yaliyoingia ni mangapi na yaliyotoka ni mangapi? Ni nguvu gani zinayasukuma na kuyazuia? Joto limeingia kiasi gani na limetoka kiasi gani? Majibu ya maswali hayo ni milinganyo, na ile ya mwendo imepewa majina ya Navier wa Ufaransa na Stokes wa Uingereza, watu wa karne ya 19. Kompyuta inapiga hesabu ya kila kijumba, inasogeza saa mbele kidogo, kisha inarudia tena na tena hadi uji uive kwenye skrini.

Kazi inakuwa noma pale chembe zinapoingia. Chukua lita moja ya maji, weka ndani yake chembe za duara zenye upana wa nanomita 50, zikiwa asilimia 1 tu ya ujazo. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Piga hesabu na utapata kwamba lita hiyo moja ina chembe zaidi ya trilioni 100,000. Hakuna kompyuta itakayozifuata moja baada ya nyingine. Kwa hivyo mtafiti hana budi kurahisisha. Anasema: wacha nichukulie mchanganyiko wote kama kiowevu kimoja, kizito kidogo kuliko maji na kinachopitisha joto tofauti kidogo. Uamuzi huo ni halali. Ila ndani yake kuna makadirio, na makadirio hayo ndiyo yanayotakiwa kupimwa.

Angalia makadirio ya uzito wa mchanganyiko, yaani mnato wake. Kanuni maarufu kuliko zote ilitoka kwa Albert Einstein mwenyewe. Inasema chembe ngumu za duara zikiwa chache ndani ya maji, mnato unapanda kwa mara 2.5 ya ujazo wa chembe hizo. Chembe zikiwa asilimia 2, mnato unapanda kwa asilimia 5. Ni rahisi hivyo.

Lakini Einstein alipoitoa kwa mara ya kwanza, katika utafiti wake wa uzamifu uliochapishwa 1906, hiyo 2.5 haikuwepo. Namba aliyoandika ilikuwa 1. Nani aligundua kosa? Hakuwa mwanahisabati mwenye akili kumshinda. Alikuwa mtafiti aitwaye Bancelin, katika maabara ya Jean Perrin jijini Paris, aliyechanganya chembe na maji, akapima mnato, na kuona namba zinakataa. Einstein alipopata habari alimwomba mwenzake Ludwig Hopf akague hesabu upya. Hopf akalipata kosa, na masahihisho yakachapishwa 1911.

Soma tena hapo. Einstein, yule ambaye jina lake tunalitumia kumsifu mtoto aliyepata alama nzuri, alikosea kwenye hesabu na akasahihishwa na mtu aliyekuwa na chombo cha kupimia. Hakukasirika. Aliomba hesabu zake zikaguliwe. Kama yeye alihitaji kupimwa, mimi na wewe ni nani?

Sasa turudi kwenye uji. Tuseme unga umechukua asilimia 5 ya ujazo wa sufuria. Tumia kanuni ya Einstein iliyosahihishwa, nayo itakuambia uji wako umekuwa mzito kwa asilimia 12.5 kuliko maji. Yaani maji yenye rangi! Hakuna mama atakayekubali kuita hicho uji. Kanuni imekosea wapi? Haijakosea. Imepelekwa mahali pasipo pake. Inahusu vipira vigumu visivyobadilika, vilivyo mbali mbali. Punje za wanga zikipata joto hunywa maji, huvimba na kupasuka, kisha hushikana. Mwanafunzi anayeweka kanuni hiyo kwenye kompyuta atapata grafu safi kabisa ya uji usiokuwepo duniani. Kompyuta haitamwonya. Kompyuta hutoa jibu hata kwa swali la kipuzi, bora tu hesabu iishe.

Pengine utasema, hayo ni ya jikoni, wataalamu wa kweli hawafanyi makosa kama hayo. Basi sikiliza kisa cha viowevu vya nano, vile vile ambavyo vimejaa kwenye tasnifu zetu.

Mwaka wa 1995 Stephen Choi na Jeffrey Eastman, wa Maabara ya Kitaifa ya Argonne nchini Marekani, walileta wazo la kutia chembe za metali za ukubwa wa nano ndani ya maji au mafuta ili kiowevu kibebe joto vizuri zaidi. Wazo lilikuwa zuri, kwa sababu metali hupitisha joto kuliko maji. Mwaka wa 2001 kikundi chao kikaripoti kwamba shaba kidogo mno, kama asilimia 0.3 ya ujazo, ikitiwa kwenye ethilini glikoli, kiowevu kinachotumiwa kupoza injini, ilipandisha upitishaji wa joto kwa asilimia 40.

Hapo wengi walishtuka. Kuna kanuni ya zamani ya James Clerk Maxwell ya 1873 inayosema kwamba chembe za duara zinazopitisha joto sana, zikiwa chache, hupandisha upitishaji kwa takriban mara 3 ya ujazo wake. Asilimia 0.3 ingepaswa kuleta nyongeza ya asilimia 1 hivi. Kati ya 1 na 40 si tofauti ndogo, bana. Watu wakaanza kutafuta sababu mpya. Wengine wakasema chembe zinacheza cheza na kusukuma joto, wengine wakasema kuna tabaka maalumu la kiowevu linalozunguka chembe. Kila sababu ikazaa milinganyo, na milinganyo ikazaa makala.

Kisha watafiti wakafanya jambo la busara. Walitengeneza sampuli za viowevu, wakazigawa kwa maabara zaidi ya 30 katika nchi mbalimbali, kila maabara ikapima sampuli zile zile kwa njia yake. Matokeo yalitoka 2009, yakiongozwa na Jacopo Buongiorno wa chuo cha MIT. Maabara zilikaribiana sana katika vipimo vyao. Na katika viowevu vilivyopimwa, ile nyongeza ya ajabu haikuonekana. Kanuni yenye mizizi kwa Maxwell, mzee wa karne ya 19, ilitosha kueleza walichokiona.

Kisa hiki hakisemi viowevu vya nano ni uongo. Kinasema kwamba kabla ya kipimo cha pamoja, mtu angeweza kujenga modeli juu ya namba moja ya kustaajabisha, akapata shahada, akapandishwa cheo, na bado akawa hajaeleza kitu kilichopo.

Na tabia hiyo haijaisha. Buongiorno huyo huyo, katika makala yake ya 2006, alichambua njia saba ambazo chembe huweza kutengana na mwendo wa kiowevu chake, akaona mbili ndizo zenye uzito: kutangatanga kwa chembe kwa sababu ya kugongwagongwa na molekuli, na kusukumwa kwa chembe kutoka penye joto kwenda penye baridi. Njia hizo mbili zikawa namba mbili ndani ya milinganyo. Fungua kazi nyingi zilizofuata uone namba hizo zimepewa thamani gani. Mara nyingi ni 0.1. Ukiuliza kwa nini 0.1, jibu la kweli ni kwamba aliyetangulia aliweka 0.1. Ni kiowevu gani hicho? Chembe zake ni za nini? Joto lilikuwa digrii ngapi? Kimya.

Hapa ndipo tunapotaka kukukera kidogo, msomaji. Kama tasnifu yako haiwezi kutaja kiowevu chake kwa jina, je, umesoma kiowevu au umesoma herufi?

Tunajua utetezi wa kwanza: hisabati ina thamani yake yenyewe, si lazima ipikwe. Tunakubali kabisa. Mtu akitatua mlinganyo mgumu kwa njia mpya, amefanya kazi ya heshima hata kama hakuna tone la maji lililomwagika. Lakini basi awe mkweli kwenye ukurasa wa kwanza. Utangulizi wa kazi hizi huahidi kupoza injini, kutibu saratani, kuokoa viwanda. Ukiahidi kiwanda, kiwanda kina haki ya kukuuliza umepima nini.

Utetezi wa pili ni mzito zaidi: maabara hakuna. Mashine ya kupima chembe za nano ni ghali, na mwanafunzi anayeng'ang'ana kulipa karo ataitoa wapi? Hilo ni kweli na linauma. Jibu letu ni kwamba kama huwezi kupima chembe za nano, chagua chembe unazoweza kuzipima. Nchi hii imejaa viowevu vyenye chembe, na vingi vinasubiri mtu wa kuvihesabu.

Nenda Olkaria, kule Naivasha. Maji moto kutoka chini ya ardhi hubeba silika iliyoyeyuka kutoka kwenye miamba. Yakipoa yakiwa njiani, silika hujitenga, inakuwa chembe, na kuganda kwenye kuta za mabomba kama ule ukoko wa sufuria. Bomba likiziba, umeme unapungua. Itapoa wapi, itaganda wapi, kwa kasi gani? Hilo ni swali la joto na mwendo wa kiowevu chenye chembe, na ni swali la pesa halisi.

Au shuka Mto Tana hadi bwawa la Masinga, lililoanza kutumika 1981. Mvua ikinyesha nyanda za juu, mto huleta tope. Maji yenye tope ni mazito kuliko maji ya bwawa, na yakiwa baridi zaidi uzito unaongezeka. Huweza kuzama na kupita chini kwa chini, kama mto ndani ya ziwa, hadi yakose kasi na tope litue. Kila tope linalotua linakula nafasi ya maji. Huhitaji mashine ya mamilioni kuanza hapo. Chupa safi, tope la mto wenyewe, kipimajoto na saa ya simu vitakupa namba za kwanza za kulinganisha na modeli yako.

Hata mnato wenyewe unaweza kuupima nyumbani. Chukua mkebe, utoboe tundu moja dogo chini, uujaze maji hadi alama fulani na uhesabu sekunde hadi uishe. Kisha uujaze uji mwepesi uliopoa, hadi alama ile ile. Viwanda vya rangi hutumia kikombe chenye tundu kwa njia hiyo hiyo. Hautapata namba ya kuchapisha, lakini utajua kama modeli yako iko karibu na ukweli au imepotelea msituni.

Na usidhani kijana hawezi kuwafundisha wakubwa kitu kwa vipimo vya aina hii. Mwaka wa 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya Magamba nchini Tanzania, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Kwa kugombania nafasi kwenye friza, aliweka maziwa yake yakiwa bado moto. Yakaganda kabla ya yale ambayo mwenzake aliyaweka bila kuyachemsha. Maziwa pia ni kiowevu chenye chembe, kwa sababu matone ya mafuta huelea ndani yake. Alipouliza, alichekwa. Hakunyamaza. Alirudia jaribio, na baadaye akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, akamuuliza mgeni aliyekuja kuzungumza nao, Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam. Osborne naye, badala ya kucheka, alienda kupima. Makala yao ya pamoja ilitoka 1969.

Wanasayansi bado wanabishana kuhusu jambo hilo. Mwaka wa 2016 Henry Burridge na Paul Linden walionyesha kwamba ukisogeza kipimajoto sentimita 1 tu juu au chini ndani ya chombo, unaweza kudhani umeona ajabu ambayo haipo. Lakini tazama jinsi ubishi unavyoendeshwa: kwa vipimajoto, si kwa vyeo. Jina la Mpemba lilibaki kwenye sayansi kwa sababu alipima na kuwaachia wengine kitu cha kukagua.

Kwa hivyo tunaomba mambo matatu.

Kwako mwanafunzi: taja kiowevu chako. Tumia namba zake halisi. Punguza ukubwa wa vijumba vyako kwa nusu uone kama jibu linabadilika. Likibadilika sana, ulichoona ni makosa ya vijumba wala si fizikia. Kisha tafuta kipimo kimoja, chako au cha mtu mwingine, ukiweke kwenye grafu moja na modeli. Usiseme laptopu yako haina programu za bei kali. Python na OpenFOAM ni huria, unazipakua bila kulipa.

Kwenu wahadhiri: msikubali 0.1 isiyo na baba wala mama. Swali moja tu kwenye utetezi wa tasnifu, "namba hii ulitoa wapi?", litabadilisha kazi za miaka mitano ijayo kuliko semina kumi.

Kwenu wenye mitambo, mabwawa na viwanda: mna vipimo vya miaka mingi vilivyolala kwenye makabati. Joto la bomba, kina cha tope, muda wa kupoa. Mpeni mwanafunzi mmoja vipimo vya mwaka mmoja. Hamtapoteza siri ya biashara, na huenda mkapata jibu ambalo mngelilipia mshauri kutoka ng'ambo.

Tunajua kuna hofu nyuma ya haya yote. Ukipima, modeli yako inaweza kukataa, na tarehe ya kuwasilisha imekaribia. Lakini tasnifu inayosema "modeli ilitabiri hivi, kipimo kikasema vile, na huenda sababu ni hii" ina faida kwa atakayekufuata. Atajua pa kuanzia. Ile yenye grafu zinazokubaliana na grafu nyingine tu itabaki rafuni.

Anza na mkebe wenye tundu. Hesabu sekunde za maji, hesabu sekunde za uji, linganisha na kanuni ya Einstein, kisha utuandikie umepata nini. Tutachapisha, na hasa zile namba zilizokataa.